Karai la Apo ng'ambo ya mto

Kabla sijafunga sanduku la mwisho nataka niwaachie nyinyi mnaoishika kazi hii maneno ambayo hayamo kwenye lile faili la bluu. Faili lina namba za madereva na ratiba ya feri, na hayo mngeyapata hata bila mimi. Kwa miaka kumi na sita nimewatembeza watu kutoka Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, hadi Shuikou na kuwarudisha siku hiyohiyo, na sikumpoteza mtu hata mmoja. Nimepoteza miavuli, nimepoteza kiatu cha mtu mguu mmoja, na safari moja nilipoteza mlango. Habari ya mlango nitaifikia.

Wasionijua, jina langu ni Zuhura, mzaliwa wa Unguja. Niliingia Guangzhou kama wengi wetu, na begi tupu na orodha ya mashuka. Biashara ya mashuka haikunipenda, nami sikuipenda sana, lakini Kichina kilinikubali. Nikajikuta nimekaa pembeni ya meza ya Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo mle kwenye jengo la Tianxiu Dasha, nikiwatafsiria wateja wake. Mzee alikuwa mfupi, kofia yake ya viua ilikuwa safi hata siku za mvua, na alikuwa na sikio la kuusikia ugomvi kabla haujaanza.

Kazi hii ya matembezi ilianza kama dawa ya ugomvi. Mnawajua wateja wetu. Nguo bado zinashonwa viwandani Kangle, kontena halijajaa, tiketi ya kurudi ni ya wiki ijayo, na mtu hana la kufanya. Basi anakuja ofisini kila saa kuuliza mzigo wake. Kulikuwa na mama mmoja wa Kariakoo aliyeniambia, "Dada Zuhura, laoban, huyo mwenye kiwanda, anasema kesho. Jana alisema kesho. Hivi kesho ya huku ina siku ngapi?" Nilicheka, yeye hakucheka, na kabla ya adhuhuri alishagombana na watu wawili kwenye lifti.

Mzee Athumani akaniita pembeni. "Mwanangu, mtu akilala hotelini siku tatu anatazama dari, siku ya nne atagombana hata na feni. Watoe wakatembee."

"Niwapeleke wapi, Mzee?"

"Popote pasipouzwa kitu kwa katoni."

Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira, na hadi leo sijapewa nyingine. Safari ya kwanza niliwapeleka watu sita bustanini, wakakaa kwenye mabenchi wakazungumzia bei ya viatu. Safari ya pili tulipanda kilimani kuutazama mji. Wakautazama vizuri, kisha wakaanza kuonyeshana kwa vidole soko la mikoba liko upande gani.

Aliyeniokoa ni Aming, dereva wa lori letu. Kwao ni Shuikou, mji mdogo wa kale kusini ya Guangzhou, kwenye mkono mmojawapo wa mto. Ukitoka Xiaobei asubuhi, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa basi dogo, kisha unaliacha gari ukingoni na kuvuka kwa feri ambayo ikibeba watu ishirini na baiskeli tatu inaanza kulalamika. Ng'ambo kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, vichochoro vilivyotandikwa mawe marefu, na nyumba za matofali ya kijivu. Kuta nyingine zimejengwa kwa maganda ya chaza, safu juu ya safu. Nilipoziona mara ya kwanza nilizigusa kwa kiganja. Mtu wa Unguja akiona ukuta uliotoka baharini hahitaji mkalimani.

Kitu cha pili nilichokiona ni vizingiti. Milango ya nyumba za kale kule ina kizingiti kirefu, kinakufika karibu na goti, na hakikanyagwi. Unanyanyua mguu, unakiruka, unaingia. Nikaandika kwenye daftari: wakumbushwe mama zetu wenye madira marefu.

Shida ilikuwa chakula. Shuikou nzima ilikaangia mafuta ya nguruwe, na samaki wao wa kupika kwa mvuke hupewa kijiko cha pombe ya mchele apoteze shombo. Watu wetu wasingekula, na msafara usiokula unarudi saa saba mchana. Aming akasema shangazi yake anapika vizuri na anaishi peke yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu wakati huo, mjane, na mtaa mzima walimwita Apo, yaani bibi. Nikanunua karai jipya kwenye duka la vyombo nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, nikalipaka mpini wake rangi ya kijani, nikamtumia kwa mkono wa Aming pamoja na masharti yangu: karai hili halipiki nguruwe, halionji pombe, na linatundikwa kwenye msumari wake peke yake. Apo akajibu kwa sharti lake moja. Watu wasizidi kumi, na wawahi, kwa sababu samaki hasubiri mtu.

Safari ya kwanza kwake nilikuwa na watu tisa. Tulifika mlangoni kwa Apo saa sita kasoro robo, nami nimejaa fahari kwa kuwahi. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na harufu ya tangawizi inatupokea kichochoroni. Nikasimama nje ya kizingiti, nikapiga hodi.

Nilipiga kwa Kiswahili. Hodi haina kufikiri, inatoka yenyewe. Ndani ikawa kimya, isipokuwa mlio wa mwiko kwenye karai. Nikapiga ya pili. Nyuma yangu alikuwapo Bwana Hamad, mzee wa Kipemba aliyekuwa akisubiri vigae vyake, akaongeza sauti, "Hodi, wenyewe!" Apo akachungulia kutoka jikoni, mwanamke mwembamba na mikono yake imelowa, akatutazama sote, akatikisa kichwa kidogo, akarudi alikotoka.

"Katuona," akasema Bwana Hamad.

"Katuona."

"Na hakusema karibu."

"Hakusema."

Nikapiga hodi ya tatu. Mwiko ukaendelea kulia. Bwana Hamad akashusha sauti kwa upole, "Basi, mwanangu. Hodi tatu zimetimia. Bibi wa watu hana nafasi leo, tusimtie uzito. Turudini."

Na mimi, kiongozi wa msafara, mwenye Kichina cha kujaza gunia, nikageuka nikawaongoza kurudi. Tulikaa kwenye ngazi za mto tukala biskuti na ndizi. Hakuna aliyelalamika. Najua mtacheka, lakini niliwatazama wale watu tisa wanavyotafuna biskuti kwa heshima, nikajivunia adabu yetu.

Jioni Aming akanipigia simu. Yeye alibaki na gari upande wa pili wa mto, hakuona kitu. "Zuhura, mmemfanya nini shangazi yangu?"

Hapo ndipo nilipoisikia hadithi ilivyokuwa kwa ndani. Apo alipika samaki wanne na kupanga mabakuli kumi, akafungua milango yote miwili, jambo ambalo hulifanya siku ya sikukuu tu. Alipotuona alitutikisia kichwa tuingie, akarudi haraka samaki asizidi moto. Alipotoka na sinia, akakuta migongo yetu inaishia kichochoroni. Mtaa mzima uliona wageni wameitazama nyumba yake, wakanong'onezana, wakaikataa. Jirani akamuuliza kama wageni wake hawakuwa na njaa.

"Anasema niliondoe karai," Aming akaniambia. "Meiyou. Hakuna tena."

Hilo meiyou mnalijua, kila mfanyabiashara hapa hulijua kabla hajajua kuhesabu. Ni hakuna, na mazungumzo yamekwisha. Huo ndio mlango nilioupoteza. Nilikaa kitandani nikalia. Nilikuwa na watu wanane wa Jumapili inayofuata, na bila jiko lile Shuikou haipo. Hakuna mwingine pale aliyekuwa tayari kutenga chombo. Lakini nawaambia kweli, sikulia kwa ajili ya Jumapili. Nilimlilia yule mwanamke na samaki wake wanne.

Mzee Athumani nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikaenda upande, kisha akaiweka sawa. "Umekaa huku miaka mingapi?"

"Minne."

"Umeingia majumbani kwa watu mara ngapi?"

Nikafikiri. Niliingia maduka, viwanda, maghala, benki na ofisi zisizo na idadi. Nyumba ya Mchina sikuwa nimeingia hata moja.

"Basi," akasema. "Dukani hatupigi hodi, ndiyo maana hukulijua hili. Nenda peke yako. Usibebe zawadi kubwa, atadhani unanunua. Nenda na mikono yako."

Nikaenda siku ya kazi, na mikono yangu. Mlango ulikuwa wazi. Apo alikuwa amekaa ndani kwenye kigoda, karibu na kijua kinachoingia kwenye uwazi wa paa, na beseni la kamba wabichi mbele yake. Akanitazama. Na mnajua nini? Pamoja na kuelezwa kote kule, miguu yangu ilikataa. Nililelewa kwamba anayeingia bila kukaribishwa ni mwizi au ng'ombe. Nikasikia kinywa changu kinapiga hodi tena, kwa sauti ndogo. Apo akaendelea kumenya kamba. Nikasema bismillahi, nikanyanyua mguu, nikakiruka kizingiti.

Hakuna aliyenifukuza. Apo akasukuma kigoda cha pili kwa mguu wake. Nikakaa, nikatia mkono kwenye beseni. Kamba nimeanza kumenya kabla sijaanza shule. Unavunja kichwa, unapitisha kidole gumba, gamba linatoka zima zima. Apo aliitazama mikono yangu kitambo, kisha akainuka akaleta beseni jingine lililojaa, akaniwekea mimi. Niliona hiyo ni sifa, na hadi leo ndiyo sifa niliyoipenda kuliko zote nilizopewa kazini.

Alasiri Aming akaja akatutafsiria, maana Apo anazungumza Kikantoni, nami Kichina changu ni cha sokoni. Nikamweleza habari ya hodi.

"Yaani walikuwa wanasubiri niseme neno?" Apo akauliza.

"Ndiyo, Apo."

"Lakini mlango ulikuwa wazi."

"Kwetu mlango ukiwa wazi, umewekwa wazi kwa ajili ya mwenyewe. Mgeni anasubiri karibu."

"Na mwenyewe akiwa hana nafasi?"

"Ananyamaza. Hodi tatu zikipita tunaondoka, na hakuna anayekasirika."

Apo akaufikiria sana utaratibu huo. Akasema ni mzuri, na kwamba kuna majirani angependa waujue. Kisha akanifanya nirudie lile neno la kukaribisha mara nne. Jumapili tulipofika na watu wanane na kupiga hodi, sauti ikatoka jikoni, juu ya mlio wa mwiko na mafuta, "Kalibu! Kalibu!" Bwana Hamad, ambaye vigae vyake vilikuwa bado, alikuwapo tena. Akanyanyua kanzu yake, akaruka kizingiti, akasema Pemba kuna watu wanakaribisha kwa sauti ndogo kuliko hiyo.

Nawasimulia haya kwa urefu kwa sababu kila nilichokipanga baadaye kilisimama juu yake. Mengine ni ya kujifunza kwa macho, lakini nitayataja machache. Vikopo. Vyoo vya Shuikou ni safi siku hizi, ila maji ya kutawazia hakuna, kwa hiyo msafara hautoki Xiaobei bila vikopo vitano vya plastiki, kila kimoja rangi yake. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ni mwongoza watalii au muuza vikopo. Aliporudi kutoka chooni hakuniuliza tena. Apo alitupa chumba cha ubavuni, kisicho na picha, cha kuswalia. Nilipomwonyesha upande wa kibla, alisogeza kabati lake zito peke yake ili ukuta ule uwe mtupu.

Pasipoti ziwe mkononi, si hotelini. Kanga nyekundu ifungwe juu ya mwavuli, ionekane hata na aliyebaki nyuma akipiga picha. Ijumaa hatusafiri. Msimu wa mwanzo wa mwaka, kuta zinapotoa jasho, watu wavae viatu vyenye meno.

Na muuangalie mwezi. Mto ule unapanda na kushuka na bahari, na siku za bamvua, maji yanapojaa sana, ngazi tano za chini zinazama, halafu zinaibuka na utelezi wa kumvunja mtu kiuno. Watu wa Nairobi na wa Dodoma hawaamini mpaka waone. Mimi nilikuwa na kalenda yangu ya Kiislamu ofisini, Apo ana kalenda yake ya Kichina ukutani, na zote mbili zinafuata mwezi, zinapishana siku moja au mbili basi. Miaka yote hiyo tulipanga safari hivyo. Nilimpigia simu nikamtajia tarehe ya mwezi, yeye akanijibu ya kwake, na tulipokubaliana ngazi zilikuwa kavu. Kuna kampuni zenye mitambo ambazo wateja wao walilowa.

Safari ngumu kuliko zote ilikuwa ya Mama Mwajuma, mama wa mteja wetu wa Dar, aliyeletwa Guangzhou kutibiwa magoti. Wiki tatu hakuona kitu ila kuta za hospitali na madirisha ya teksi. Akaniambia, "Mwanangu, nitarudi nyumbani nikaulizwe China ikoje, niseme ina dari nyeupe?" Mtoto wake alikataa, daktari alinuna, mimi nikampeleka. Tulimvusha akiwa kwenye kiti, Aming upande mmoja na baharia wa feri upande wa pili. Kufika mlangoni kwa Apo akakitazama kizingiti, machozi yakamjaa, kwa sababu goti lisingenyanyuka. Akapiga hodi kwa sauti ya kuaga. Apo akatoka jikoni, akaona. Akaingia ndani, akarudi na nyundo, na kwa mikono yake akang'oa ule ubao wa kizingiti kutoka kwenye mifereji yake, akauegemeza ukutani. Aming alishika kichwa. Baadaye aliniambia ubao ule huondolewa kwa jambo kubwa tu, bibi harusi au jeneza. Mama Mwajuma aliingia kwa miguu yake, polepole, akala samaki mzima peke yake.

Mzee Athumani alirudi kwao Tanga, na Mungu amrehemu, hayupo tena. Dawati lake sasa ni la Njeri, ambaye wengi wenu mnamjua. Njeri alikuja kutoka Nairobi kununua viatu vya watoto, akabaki nasi kwenye mizigo, akaishia kwangu. Ni Mkristo wa kuimba kwaya, na ndiye pekee anayejua kila kikopo ni cha nani. Ninyi wengine mnanistahi mno. Njeri hanionei haya. "Aki Bi Zuhura, watu wako wanapiga selfie na feri inatoka! Mko sure mnataka kurudi leo?" Nikajua nimepata mrithi.

Nilichokuwa sijui ni kama Apo atakubali.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. Apo sasa amepita miaka themanini, masikio yamepungua, lakini karibu yake bado inafika mtoni. Tulipokwisha kula na watu kwenda kutembea, aliliosha karai, akalifuta, akalifunga kwa gazeti, akanikabidhi mikononi. Aming akatafsiri, naye hakupenda alichokuwa akitafsiri.

"Anasema karai hili ni lako na lake. Wewe unaondoka, nalo liondoke. Anasema amezeeka, hawezi kuanza kuizoea miguu mipya mlangoni."

"Mwambie kuna Njeri. Atawaleta yeye."

Njeri alikuwa amesimama palepale, na sahani nne za kuosha mkononi. Apo alimtazama kidogo, akaingia chumbani kwake. Msumari wa karai ulibaki mtupu ukutani.

Kwenye feri nilikaa na lile karai mapajani. Njeri alihesabu vikopo mara mbili. Mwishowe akauliza, "Sasa itakuwaje? Nina watu wanane wa mwezi ujao, na wazee wawili kati yao."

"Sijui, mwanangu."

"Nitafute mji mwingine?"

Iliniuma sana. Miaka kumi na sita nilidhani nimejenga kitu, kumbe nilikuwa nimejenga urafiki wa watu wawili, na urafiki huo unafungashwa kwenye gazeti ukaondoka na mwenyewe. Nilimpigia Aming mara tatu wiki hiyo. Akasema nimwache shangazi yake. Nikamwambia Njeri basi, atafute mji mwingine. Akasema sawa, kwa upole ambao ningepaswa kuutilia shaka.

Jana nilikuwa nafunga vitu nyumbani kwangu hapa Xiaobei. Chumba hiki nimemkabidhi Njeri, funguo anachukua Ijumaa, na alikuja kunisaidia na gundi ya kufungia maboksi. Mlango tuliuacha wazi kwa sababu ya joto. Lifti ikafunguka, zikasikika hatua za mtu anayeburuza miguu, zikasimama. Kisha sauti ikasema:

"Hoti!"

Nilijua kabla sijainua kichwa. Apo, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kuuvuka mto ule kuja mjini, amesimama mlangoni kwangu, amevaa blauzi yake ya sikukuu, mikono ameifumba tumboni. Nyuma yake Aming na kapu la wali uliofungwa kwenye majani, ule wa sikukuu yao ya mashindano ya mashua. Mlango wazi mbele yake, na hakuusogelea.

Neno lilikuwa kooni kwangu tayari. Lakini Apo hakuwa ananitazama mimi.

"Huyu Njeri wenu," Aming akasema, "kaja kwetu Jumanne tatu. Peke yake. Hajakwambia?"

Nikamgeukia Njeri. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye gundi.

"Ulisema nitafute mji mwingine," akasema. "Nikatafuta. Nikakosa."

"Umekwenda kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kufunga hayo majani."

"Shangazi anasema anayafunga vibaya," Aming akaongeza. "Yote yalifumuka kwenye sufuria. Lakini anasema Njeri alirudi tena."

"Hoti!" akasema Apo, mara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyepanda mabasi mawili na treni.

Njeri akanitazama. "Bi Zuhura, mjibu."

"Hapigi kwangu."

"Si ni kwako hapa?"

"Ni kwangu mpaka Ijumaa. Kwake yeye ni kwako tayari."

"Hoti!"

"Hiyo ni ya tatu, Njeri," nikamwambia. "Nilimfundisha mwenyewe. Sasa hivi anageuka."

Na kweli bega la Apo lilikwisha kuanza kugeuka. Njeri akaitupa gundi, akaruka boksi la vyombo.

"Karibu!" akapiga kelele, ghorofa nzima ikasikia. "Karibu, Apo! Karibu ndani!"

Mlango wangu hauna kizingiti. Ni sakafu ya vigae tu, sawa ndani na nje. Apo akashika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja na mkono wa Njeri kwa mwingine, akanyanyua mguu juu, karibu na goti, akaruka kisichokuwapo, akaingia. Akanipita mimi kwanza bila salamu, akaenda moja kwa moja jikoni kutafuta karai lake.